Mkia mmoja wa nyangumi na bahari ya Mtwara isiyoandikwa

Mwaka 2013, kwenye pwani ya Pasifiki ya Colombia, ulipigwa picha mkia wa nyangumi dume mwenye nundu. Mwaka 2017 akaonekana tena pwani hiyohiyo. Agosti 2022 akaibuka huku kwetu, mkondo wa Zanzibar. Chini ya mkia, kila nyangumi wa aina hii ana weusi, weupe na makovu yasiyofanana na ya mwenzake, kama alama za vidole vya binadamu. Kwa hiyo picha zilipolinganishwa, shaka iliondoka: ni yeye yule. Hata ukipima kwa njia ya mkato kabisa, ni zaidi ya kilomita 13,000. Habari hiyo ilipochapishwa Desemba 2024, hakukuwa na nyangumi mwenye nundu mwingine aliyewahi kurekodiwa mbali kiasi hicho na mahali alipoonekana kwanza.

Kwa sisi wa Mtwara nyangumi si kioja. Kusi likishakolea, kuanzia Julai, mtu akisimama Msimbati au akiwa chomboni nje ya Mikindani anaweza kuwaona wakipuliza, maana pande hizi bahari huzama ghafla karibu na nchi kavu na wanyama hawa hawalazimiki kupita mbali. Wanatoka Antaktika, zaidi ya kilomita 5,000 kusini, ambako hushiba uduvi wakati wa kiangazi cha huko. Huku hawaji kula. Wanakuja kupandana, na jike aliyebeba mimba kwa muda wa karibu mwaka mzima anakuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Mtoto wake huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi.

Wataalamu wamewagawa kwa makundi. Wanaopita kwetu wanahesabiwa pamoja na wale wa pwani ya Afrika Kusini na Msumbiji. Wa Komoro na wa Madagaska wana mafungu yao. Wa Colombia ni wa bahari nyingine kabisa. Yule dume ameruka mipaka hiyo yote. Ndipo swali linapozuka: je, njia za nyangumi zinabadilika?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Maji ya upande wa Antaktika wanakokula nyangumi wa Colombia yamepata joto kwa kasi, na uduvi hutegemea barafu ya bahari ili kukua. Chakula kikihama, mla chakula naye atahama, na akishazunguka bara lile la barafu akakutana na wageni wa Bahari ya Hindi, si ajabu akapanda nao hadi huku. Wengine wanaitazama idadi. Karne iliyopita zaidi ya nyangumi wenye nundu 200,000 waliuawa kusini mwa dunia, na uwindaji wao ulipopigwa marufuku mwaka 1963 walikuwa wamebaki wachache mno. Sasa wamezaliana, madume wamekuwa wengi, na dume anayekosa jike kwao huenda akajaribu bahati ugenini.

Mimi nasita. Kuna jike aliyepigwa picha Brazil mwaka 1999, kisha Madagaska mwaka 2001, umbali wa karibu kilomita 9,800. Kwa hiyo safari za namna hii hazikuanza juzi. Kilichoongezeka kwa hakika ni macho: simu na kamera mikononi mwa watalii na watafiti, na programu inayoweza kulinganisha maelfu ya mikia kwa muda mfupi. Mkia wa yule dume ulipatikana kwa sababu Zanzibar palikuwa na mtu mwenye kamera na nia ya kuituma picha. Angeibukia Sudi au Msanga Mkuu, pengine asingejulikana kamwe. Tunapoambiwa kwamba nyangumi fulani ameonekana kwa nadra, tuulize kwanza ni wangapi waliokuwa wakitazama.

Hapa ndipo wavuvi wetu wanaposahaulika. Nahodha aliyevua miaka 30 anajua mwezi wanaoanza kupita na majira wanayorudi na watoto. Elimu hiyo ni ya thamani, na inaniuma kuona inazikwa na wazee wetu. Lakini kwa haki niseme pia upungufu wake: bila picha ya mkia, mvuvi hawezi kujua kama nyangumi wa leo ndiye wa mwaka juzi, wala kama ni wa Msumbiji au wa Colombia. Kumbukumbu inatupa majira. Jina la mnyama haitupi.

Na suala hili lina uzito hapa kuliko mahali pengi. Ghuba ya Mnazi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na ni humohumo inamochimbwa gesi. Meli za kutafuta gesi hupasua hewa chini ya maji, mshindo juu ya mshindo, kusikiliza miamba ya chini, ilhali nyangumi ni mnyama anayeishi kwa sauti, na dume huimba hasa majira haya ya kuzaliana. Kuna majarife pia, ambayo mtoto wa nyangumi akinasa hufa, na mvuvi naye hupoteza wavu aliokopea. Kupishanisha kazi za meli hizo na majira ya nyangumi kunawezekana, ila hoja hiyo huhitaji tarehe zilizoandikwa, na kutoonekana kwenye kumbukumbu hugeuzwa kirahisi kuwa kutokuwepo.

BMU, yaani vikundi vya wanajamii vya kulinda rasilimali za uvuvi, kwenye mialo yetu tayari zina kazi ya kuandika samaki wanaoshushwa. Karatasi hizohizo ziongezwe safu moja ya nyangumi: tarehe, mahali, yuko peke yake au na mtoto. Na mwenye simu asihangaike kumpiga picha akiruka. Angoje anapozama, mkia ukipanda juu.