Taa ya kijani haikuiokoa friji yangu

Jioni ile umeme haukukatika, ulipungua tu. Feni ilizunguka kivivu, televisheni iliendelea na taarifa ya habari, na friji ikaanza kuguna: inaguna kidogo, tak, inanyamaza, inaguna tena. Niliisikia nikiwa sebuleni na sikuinuka. Nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga niliyoinunua Kariakoo, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

Asubuhi maziwa yalikuwa yamechacha. Fundi akainama nyuma ya friji, akapima kompresa, akasema, "Dada, mota imeungua. Na haijaunguzwa na umeme mkubwa, ni huu mdogo."

Tangu siku hiyo nasema waziwazi: tunauziwa kifaa kimoja kama dawa ya kila ugonjwa. Ndani ya ekstensheni ile mna kipande cha mviringo, kama sarafu, cha oksaidi ya zinki. Umeme ukiwa kwenye volti 230 zake kinatulia. Ukiruka ghafla, labda kwa radi iliyopiga mbali au umeme unaporudi, kinaumwaga ule uliozidi. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Umeme mdogo hakiushughulikii hata kidogo. Na waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ukikatika huko nguzoni, nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 400 mfululizo, na hapo chenyewe ndicho kinachoanza kuungua.

Friji inahitaji gadi yake. Mota inayoshindwa kuanza kuzunguka kwa sababu umeme ni mdogo huvuta umeme mwingi mno na kuchemka hadi nyaya zake zinaungua. Gadi hukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha ili presha ya gesi ndani ya kompresa ishuke. Nimeona watu wakiichomoa eti inachelewesha. Kuchelewa huko ndiko mlikolipia, jamani.

Ekstensheni yenye kinga iachieni televisheni, king'amuzi na kompyuta. Tazameni jouli zilizoandikwa kwenye boksi, yaani kipimo cha nishati ambayo kinga inaweza kuimeza. Zikiwa nyingi, itastahimili mapigo zaidi, maana kila pigo linaichosha. Kwenye zile za bei rahisi, mara nyingi taa inaonyesha tu kwamba umeme umefika.

Ila kinachoniumiza zaidi ni ethi, ule waya unaopeleka umeme ardhini. Kinga nyingi humwaga sehemu ya umeme uliozidi ardhini, na nyumba ngapi za kupanga ukifungua soketi unakuta ule waya wa kijani na njano umekunjwa tu, haujaungwa popote? Kabla ya kwenda dukani, mwite fundi apime ethi.

Radi ikipiga nyumba yenyewe, hakuna ekstensheni itakayoizuia. Masika, wingu likitanda, nachomoa plagi ukutani, halafu nazunguka nyuma ya televisheni nafungua na waya wa dishi, kwa sababu radi hupita huko pia.