Wapeni kazi yenyewe, si birika la chai

Kuhusu habari hii ya wanafunzi wanaotumia likizo kujifunza kazi makumbusho: naona wachangiaji wengi hapa wanasema ni kupoteza muda, eti makumbusho hayana ajira. Jane Goodall alifika Kenya mwaka 1957, msichana wa miaka 23 asiye na digrii, akaajiriwa kuwa katibu wa Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, kwenye makumbusho ya Coryndon, Nairobi (leo Makumbusho ya Taifa). Mwaka huohuo akapelekwa Olduvai, Tanzania, kuchimba mabaki ya kale. Kufikia Julai 1960 yuko Gombe, Kigoma, anawachunguza sokwe. Angempata wapi Leakey kama si pale ofisini?

Na msiseme ni bahati ya Wazungu tu. Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba na akina Leakey, na mwaka 1984 jicho lake ndilo lililoona kipande cha fuvu kule Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, Kenya, mwanzo wa kupatikana kwa mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale.

Tatizo langu ni jinsi tunavyowapokea hawa vijana. Mwanafunzi anakuja field (mafunzo kwa vitendo) wiki nane, anatoa fotokopi, anakata tiketi getini, anasainiwa logbook (daftari la mafunzo yake), kwaheri. Nauli juu yake, kwa hiyo anayeweza ni mwenye shangazi mjini. Mkalisheni stoo na mhifadhi, ashike kigae cha chungu cha kale, akipime, aandike kadi yake. Na nauli mlipeni, jamani, hata kama ni ya daladala tu.