Kaunsela aje wakati grupu ya mazishi imenyamaza

Laini ya mtoto wa dada yangu bado iko hewani. Kila mwezi dada anaiwekea kredo ya shilingi ishirini ndio kampuni isije ikampa mtu mwingine hiyo namba, na kuna usiku anaipigia tu ndio aisikie ikiita kwenye droo. Kijana aligongwa na matatu Jogoo Road akitoka kibarua, alikuwa na miaka 19, na dada ndiye aliyeitwa mochari kumtambua juu shemeji alikuwa safarini. Sasa ni miezi kumi na nne.

Nataka tuongee kuhusu ushauri nasaha kwa watu waliofiwa hivi, kifo cha ghafla, cha ajali, cha risasi, cha moto, kile kinamwacha mtu na picha kichwani haitoki. Na nitaanzia kwa grupu ya WhatsApp, maana hapo ndipo naona tunakosea.

Mtu akifa Nairobi, kabla ya jioni grupu imeundwa, mweka hazina amechaguliwa, watu wamejaa kwa nyumba, chai inachemka, pasta anaomba, michango inasomwa jina moja moja, bili ya mochari inalipwa, basi linakodishwa, tunaenda ushago tunazika. Jumapili tumerudi. Jumatatu unaanza kuona ameondoka, ameondoka, ameondoka, na mwezi ukiisha amebaki mfiwa na admini. Silaumu mtu, bila hiyo kamati dada yangu hangeweza hata kulipia jeneza na nitaishukuru hadi nife. Shida ni kwamba hata kaunsela anakuja na hilo basi na kuondoka nalo.

Siku ya tatu kuna kaunsela aliletwa, akakaa naye kama dakika arobaini, akamwambia apige moyo konde, wako watoto wengine wawili wanamtegemea. Dada hakumbuki hata sura yake. Hakuwa mtu mbaya, alimkuta tu mtu ambaye bado anangoja aamshwe aambiwe ilikuwa ndoto. Na wataalamu walishaliona hili zamani, kwamba kumkalisha mtu mara moja baada ya mkasa na kumfanya amwage yote aliyoyaona hakumkingi na majeraha ya akili ya baadaye. Mwongozo wa WHO wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa 2011, unasema siku hizo za mwanzo utazame, usikilize, umuunganishe mtu na msaada. Yaani maji, leso ya kujifunika, simu ya kuita ndugu zake, na ukweli kuhusu mwili uko wapi. Usimlazimishe kusimulia. Kusimulia kuna siku yake.

Sasa siku yenyewe ni lini? Kitabu cha WHO cha kuorodhesha magonjwa, ICD-11, kilianza kutumika Januari 2022 na ndani yake kuna majonzi ya muda mrefu kama hali inayohitaji tiba: angalau miezi sita imepita na bado kumtamani marehemu kumeshika mtu hadi maisha hayasongi, kupita kile dini na mila zake zinategemea. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka huohuo unasema miezi 12 kwa mtu mzima. Hayo maneno ya dini na mila nayapenda sana, juu mjane Mwislamu akikaa eda miezi minne na siku kumi hakuna mtu atasema anaumwa, yuko kwa ratiba ambayo watu wote wanaielewa. Na wafiwa wengi wanainuka wenyewe na watu wao bila kaunsela yeyote. Lakini wako ambao hawainuki, na ukipiga hesabu utaona wanaanza kujulikana mwezi wa sita hivi kwenda mbele, wakati grupu ilishakufa mwezi wa kwanza. Mtu anamhitaji kaunsela kabisa wakati ule simu yake haiiti tena.

Dada alipata kaunsela wa maana mwezi wa kumi na moja. Huyu mama hakumwambia akubali wala asahau. Alimwambia, "Mama, funga macho, nianzie asubuhi ya siku ile. Uliamka saa ngapi?" Dada akasimulia, uji aliopika, viatu kijana alivyoacha mlangoni, simu ilivyoita, mlango wa mochari. Ikarekodiwa kwa simu na akaambiwa aende akaisikilize nyumbani kila siku, na akimaliza afanye kitu anachokipenda, yeye huoga maji moto halafu anawasha redio. Mimi niliposikia hivyo nilikasirika, nikaona huu ni unyama, kwani mtu anatoneshwa kidonda kila siku ya Mungu? Baadaye nikaja kuelewa hiyo njia ina historia. Ilitengenezwa na Profesa Katherine Shear wa Columbia University, New York, ni sesheni 16, na matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha inasaidia watu wengi zaidi kuliko tiba nyingine ya mazungumzo waliyoilinganisha nayo. Utafiti wao wa 2016 ukaonyesha dawa ya sonona (depression) peke yake haiondoi majonzi ya aina hii, ila ukiiongeza juu ya hiyo tiba inapunguza dalili za sonona. Kusimulia tena na tena kunafanya ile siku iwe habari iliyopita, badala ya kitu kinachotokea upya kila ukiona matatu. Kisha mtu anarudi mahali alipokuwa anapakwepa, polepole. Anaongea na marehemu kwa fikra, anajibu kwa niaba yake. Na tangu mwanzo anaulizwa, wewe mwenyewe ungependa nini kwa maisha yako? Dada alisema anataka kurudi kushona.

Kitu kingine, hizi hatua tano za majonzi. Watu wanazitaja kama steji za matatu, unashukia Kukataa, unapanda ya Hasira, mwisho wa gari ni Kukubali. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross aliziandika 1969 kutokana na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Ukimpimia mfiwa kwa hizo steji utamfanya ahisi ameshindwa hata kulia vizuri.

Na kuna wafiwa hawana mwili wa kuzika. Ndege ya Ethiopian Airlines ilipoanguka Machi 2019 ikiwa na watu 157, Wakenya 32, familia zilipewa udongo wa pale. Kuna kina mama wa Nairobi wanazunguka mochari na vituo vya polisi na picha ya kijana aliyepotea. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, anaita hiyo hasara isiyo na uhakika, na huyo mtu huwezi kumwambia akubali, akubali nini? Wajaluo wana tunda la yago linalozikwa mahali pa mwili uliokosekana, na huko Magharibi watu wanazika mgomba. Kaunsela anayecheka hayo hajui kazi yake, angefaa amuulize mzee wa familia, "Baba, kwenu mnafanyaje?" na apange sesheni kuzunguka hapo.

Najua mtu atasema hii ni ya matajiri. Sesheni ya dada ni 2,500, mara 16 ni elfu arobaini, na ni kweli hizo pesa hatuna. Lakini tulitoa zaidi ya hizo kwa mahema na chakula cha siku moja. Tena si lazima iwe mtu wa digrii kubwa. Bungoma na Moshi, Tanzania, watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa walifanya tiba ya vikundi kwa watoto yatima pamoja na walezi wao, matokeo yakatoka 2020, na kwa upande wa Kenya watoto walikuwa na nafuu hata baada ya mwaka mzima. Na usiku ukiwa mrefu kabisa, Msalaba Mwekundu wana 1199, ni bure.

Kwa hivyo kamati ikikaa kuchagua mweka hazina, ichague pia mtu wa baadaye. Kazi yake ipigwe muhuri pale pale: apige simu mwezi wa tatu, wa sita, wa mwaka, aangalie kama mfiwa analala, kama anakula, kama kuna chumba kimefungwa hakifunguliwi. Na kwa mchango kibakishwe kitu cha sesheni kabla hema halijalipiwa.

Sisi tulichelewa, ila grupu tuliifufua. Tuko kumi na mmoja. Wiki jana dada alipanda mat ya Jogoo Road akashukia Hamza, akakaa pale kibandani na soda dakika ishirini, mimi nikiwa ng'ambo ya barabara juu alisema nisimkaribie. Kredo bado anaweka, na kaunsela hajamwambia aache. Ijumaa ni sesheni ya 12, zamu ya kumpeleka ni yangu.