Mvua Ikinyesha, Nyavu Hufungwa

Ukisikia kuna watu wanachunguza jinsi mvua inavyoathiri ndege wa misitu ya tropiki, unaweza kudhani wanakaa msituni wakiwatazama wakinyeshewa. Kumbe mvua ikianza, kazi husimama. Zile nyavu nyembamba za kunasia ndege hufungwa haraka, kwa sababu ndege aliyelowa akinaswa hupoteza joto na anaweza kufa. Saa ile hasa unayotaka kujua mvua inamfanya nini, ndiyo saa usiyoweza kumshika.

Ndiyo maana siuamini sana utafiti wa aina hii unaofanywa na mtu mmoja kwa misimu miwili, halafu anarudi nyumbani kuandika. Mvua haimfikii ndege kwa matone tu. Kiangazi kikirefuka, wadudu hupungua na matunda huadimika, na ndege walao wadudu chini ya miti huona taabu kulea makinda. Lakini mvua ikizidi nayo ni balaa. Kule Kosta Rika, baadhi ya manakini, ndege wadogo walao matunda, hushuka kutoka milimani majira ya mvua kubwa, maana dhoruba huwanyima muda wa kutafuta chakula na mwili mdogo hauvumilii njaa. Basi anahitajika mtu wa wadudu, mtu wa mimea, mtu wa vipima mvua na mtu wa hesabu. Mwenye nyavu peke yake ana nusu ya habari.

Panama inanifundisha zaidi. Kwenye eneo la mfereji wake, upande wa Pasifiki hupata chini ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na upande wa Karibi hupita 3,000, ilhali kati yao hakufiki kilomita 100. Huko, katika msitu wa Soberanía, ndege wamekuwa wakinaswa, wakivishwa pete na kuachiliwa tangu 1977. Data za miaka 33 za aina 20 zilionyesha kwamba urefu wa kiangazi uligusa ukuaji wa idadi ya karibu theluthi moja ya aina hizo. Baadaye, hesabu iliyofika 2020 ilikuta kwamba kati ya aina 57, 40 zimepungua, na 35 kati yake zimepoteza nusu ya ndege wake au zaidi. Na huo ni msitu uliohifadhiwa! Nyavu zilionyesha upungufu. Sababu yake hazikuitaja.

Miaka 44 hakuna mwanafunzi wa shahada anayeiweza. Wafadhili, nao, hupenda miradi ya miaka mitatu, muda ambao El Niño, ile hali ya bahari inayovuruga mvua, inaweza isitokee hata mara moja. Mimi ningetoa fedha kidogo kidogo kwa miaka 30 kabla ya kumwaga nyingi kwa mitatu.

Halafu kuna suala la majina. Anayeamka kabla ya alfajiri kufungua nyavu, anayejua kumnasua ndege kwa kuanzia miguuni bila kumvunja bawa, anayeisoma pete iliyochakaa na kusema huyu tulimshika zamani, mara nyingi hutajwa mwishoni kwenye shukrani, pamoja na dereva. Profesa hubadilika, mwanafunzi huhitimu, yeye anabaki pale pale. Kabla kompyuta haijachora mstari unaoshuka, yeye amekwisha kusema kwamba siku hizi anarudi na mifuko ya kubebea ndege ikiwa mitupu.