Maboksi mawili juu ya kaunta

Kwenye duka moja la dawa Kariakoo, mama aliyekuwa mbele yangu alitoa cheti cha dawa ya presha: amlodipine, ya mwezi mzima. Muuzaji akaweka maboksi mawili kaunta. "Mama, kuna orijino na kuna hii ya India." Mama akayageuza moja moja, akauliza, "Sasa mwanangu, ipi ndiyo dawa?" Muuzaji akainua mabega. Mama akachukua ya bei kubwa, vidonge kumi tu, maana hela haikutosha zaidi.

Orijino ya amlodipine ni Norvasc ya kampuni ya Pfizer. Hataza yake Marekani iliisha mwaka 2007, na tangu hapo viwanda vingine vikaruhusiwa kuitengeneza na kuiuza huko. Hataza ni haki ya mgunduzi kuzuia wengine wasiige, kwa kawaida miaka 20 tangu aombe. Ila ombi hupelekwa mapema, kabla ya majaribio kwa binadamu, hivyo sehemu kubwa ya muda huo huliwa na utafiti kabla kidonge hakijafika sokoni. Kampuni zinasema bila kinga hiyo hakuna atakayetia fedha kwenye utafiti ambao mara nyingi hushindwa. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu asiyegundua hana cha kuigwa.

Lakini kusubiri nako kunaua, na sisi tunajua. Mwaka 2000 dawa za kufubaza VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Iliweza kwa sababu sheria ya hataza ya India wakati ule ililinda namna ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe, hivyo kiwanda kingine kiliweza kuitengeneza kwa njia nyingine, hadi ilipobadilishwa mwaka 2005. Wangapi tuliwazika jijini humu kabla bei haijashuka?

Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, zisilazimike kulinda hataza za dawa hadi mwaka 2033. Ni nafasi nzuri, lakini haitoshi: dawa zetu nyingi zinaagizwa nje, hasa India, na hataza ikibana kule, huku tunasubiri nao.

Kuhusu ubora, wasiwasi wa mama yule si ujinga. Dawa duni na bandia zipo, ingawa bandia huiga hata boksi la orijino. Na kwa dawa chache, kama za kifafa, ambapo tofauti ndogo kwenye damu inaweza kurudisha degedege, kubadilisha kiwanda bila kumwambia daktari ni hatari ya kweli. Amlodipine haimo kwenye kundi hilo. Ili nakala, yaani dawa ile ile iliyotengenezwa na kiwanda kingine kama ile ya India, isajiliwe inapaswa kuonyesha kwamba inaingia kwenye damu kwa kiwango na kasi inayolingana na ya orijino, na kwetu usajili ni kazi ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tofauti ya rangi na umbo haina uhusiano na nguvu ya dawa.

Hilo ndilo jibu alilopaswa kupewa pale kaunta, sentensi mbili tu: hii imesajiliwa, na kilichomo ndicho kile kile. Presha inataka kidonge kila siku. Vidonge kumi vitamfikisha katikati ya wiki ya pili, wakati ile ya India ingemfikisha mwisho wa mwezi.