Datsun 240Z: Kabla ya Kung'oa Boksi la Chujio la Hewa

Mtu anayenunua Datsun 240Z, gari la michezo la zamani kutoka Japani, leo hakawii kufungua boneti na kulitazama kwa shaka lile boksi refu la bati lenye chujio la hewa, lililozifunika kabureta mbili zinazochanganya hewa na petroli. Lina mdomo mmoja tu, tena mwembamba, na kwa macho ya haraka linaonekana kama kitu kilichowekwa pale ili kuikaba injini. Ushauri atakaoupata kwa wengi ni ule ule: ling'oe, funga machujio mawili ya wazi, kila kabureta na lake, injini ipumue. Nimeusikia ushauri huo mara nyingi kiasi cha kuona kwamba boksi limehukumiwa kabla halijasikilizwa, nami nataka kulisemea, bila kuficha kwamba wanaolipinga nao wana hoja.

Hoja yao ya kwanza ni ya hesabu, na ni ya kweli. Injini ya gari hili, iitwayo L24, ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Inapozunguka mara 5,600 kwa dakika, mwendo ambao kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 151, ingevuta karibu lita 6,700 za hewa kila dakika kama silinda zingejaa kabisa. Kupitisha hewa yote hiyo kwenye mdomo mmoja kunatia wasiwasi. Tena, aliyekwisha kubadilisha kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na kufunga kabureta tatu za matundu mawili mawili hana la kuchagua, kwa kuwa boksi la asili halikai kabisa. Na upo mngurumo: kabureta zisizofunikwa hutoa sauti ambayo boksi huizima, na mpenzi wa gari la aina hii ana haki ya kuipenda sauti hiyo.

Lakini swali la mwenye injini isiyoguswa ni moja: je, boksi linazuia hewa kiasi gani hasa? Jambo hili halihitaji ubishi, kwa sababu linapimika kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Ncha moja huingizwa ndani ya boksi upande uliokwisha kuchujwa, nyingine huachwa wazi karibu na kiti cha abiria, kisha gari huendeshwa pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho huku abiria akisoma tofauti ya kimo cha maji. Kila sentimita 10 za maji ni takriban asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, hata kama boksi lingesababisha tofauti ya sentimita 10 nzima, injini ingekuwa imenyimwa asilimia 1 tu ya hewa yake.

Sasa linganisha asilimia hiyo moja na joto. Kichwa cha injini hii kimeundwa hivi kwamba njia ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi ziko upande mmoja, eksozi ikiwa chini ya kabureta, ndiyo maana kiwanda kiliweka bati la kukinga joto kati yao. Machujio ya wazi hukaa juu ya jiko hilo na kuvuta kilicho karibu. Hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Nakubali kwamba injini haipotezi nguvu kwa kiwango hicho chote, maana hewa ingepata joto hata hivyo ikipita kwenye manifoldi (mabomba ya kuifikisha kwenye silinda), na gari likishika kasi barabara kuu upepo hupoza chumba cha injini. Hata ukiikata hesabu hiyo katikati, bado hasara ya joto ni mara kadhaa ya kile tulichodhani boksi linaiba. Na gari hili haliishi barabara kuu tu. Hukaa kwenye foleni ya Mombasa Road jijini Nairobi saa kumi na moja jioni, rejeta ikipuliza joto nyuma, na hapo ndipo mwenye machujio ya wazi huona injini ikitetemeka na kukataa kuitikia mguu.

Kuna jambo jingine ambalo huwapotosha hata watu makini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kabureta iliyopangwa pwani huipa injini petroli nyingi mno huku juu kwenye hewa nyepesi. Siku fundi anapofunga machujio ya wazi, kwa kawaida hupanga upya kabureta na kupunguza petroli kwa nati iliyo chini ya kabureta. Gari linatoka gereji limechangamka, na sifa yote inakwenda kwa machujio. Mchana huo huo, kwa nati hiyo hiyo, boksi likiwa mahali pake, sehemu kubwa ya uchangamfu huo ingepatikana bure.

Kinachoniuma zaidi ni mipira midogo. Ndani ya boksi mnaingia mpira wa kupumulia kutoka kwenye mfuniko wa valvu, pamoja na mipira ya bakuli za petroli za kabureta. Ule wa kwanza huipa injini hewa safi chini ya pistoni. Ile mingine huhakikisha kwamba chujio likiziba kidogo, mgandamizo juu ya petroli nao hupungua, na mchanganyiko hauharibiki. Niliwahi kuangalia gari lililotoka kufungwa machujio ya wazi, yanang'aa, na mpira wa mfuniko wa valvu umeachwa unaning'inia mtupu. Nilipitisha kidole ndani ya mdomo wake kikatoka na uji mwekundu wa vumbi na oili. Mwenye gari alikuwa amelipia hewa zaidi, akapewa njia ya vumbi kwenda kwenye beringi na ringi za pistoni.

Hapo wengine hukumbusha kwamba gari hili lilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, na kwamba magari yale hayakuwa ya kawaida. Ni kweli, hayakuwa. Yalikuwa na timu ya kiwanda nyuma yake, na mafundi waliokuwa wakiyasubiri njiani. Gari la mtu binafsi linalokwenda Namanga Jumamosi halina msafara huo.

Kwa hiyo uboreshaji ninaouunga mkono ni wa kuupa mdomo wa boksi hewa baridi. Mdomo wa asili umeelekea mbele lakini bado unavuta hewa ya ndani ya chumba cha injini. Mpira mnene wa hewa kutoka hapo hadi mbele ya rejeta, ukiwekwa juu vya kutosha usinywe maji ya madimbwi wakati wa masika, pamoja na chujio jipya na bati la joto lililorudishwa mahali pake, hugharimu kidogo na hung'oleka bila kuacha tundu hata moja. Anayetaka machujio ya wazi kwa sababu ya sauti na afunge, mradi mipira yote ipewe chujio lake na boksi lihifadhiwe. Anayeyataka kwa sababu ya nguvu apime kwanza kwa mpira wa maji. Tofauti ikifika sentimita 30 huku chujio likiwa jipya, mimi mwenyewe nitashika spana nimsaidie kuling'oa.