Biosphere 2: udongo ulikuwa na rutuba kupita kiasi?

Septemba 26, 1991, watu 8 walijifungia ndani ya Biosphere 2, jumba la vioo karibu na mji wa Oracle, Arizona, wakitarajia kula walichopanda na kuvuta hewa ya mimea yao kwa miaka 2. Hewa ndiyo iliyowatoa jasho. Oksijeni ilishuka taratibu kutoka takriban asilimia 21 hadi 14 na ushei, na Januari 1993 ikabidi waongezewe kutoka nje.

Lawama nyingi ziliangukia udongo. Ulijaa mboji, na vijidudu vinavyoiozesha hutumia oksijeni na kutoa kabonidioksidi usiku na mchana. Mimea haikuweza kufidia: vioo na vyuma vya paa vilikata sehemu kubwa ya mwanga, na mawingu yakazidisha. Wakosoaji wanasema wangetumia udongo hafifu, au wangelima kwenye maji yenye virutubisho, yasingewakuta hayo.

Sawa, lakini jumba lilikusudiwa kudumu miaka 100 bila gunia la mbolea kuingia. Mabua na kinyesi vilipaswa kurudi shambani. Viuatilifu vya sumu navyo havikuruhusiwa, kwani maji ya shambani yangerudi kunywewa. Utitiri uliposhambulia viazi mviringo, wakaegemea viazi vitamu, wakavila mpaka ngozi ikaanza kupata rangi ya chungwa. Hata hivyo shamba lisilozidi ekari moja liliwapa chakula chao kingi. Udongo hafifu usingefanya hivyo.

Tena kuna suala la zege, ambalo wengi hulipita haraka. Kabonidioksidi iliyopimwa ndani ilikuwa ndogo mno kulinganisha na oksijeni iliyopotea. Watafiti wakagundua kwamba zege lilikuwa likiinyonya. Kwa hiyo oksijeni iliyomo ndani ya gesi hiyo ilifungwa ukutani isirudi tena. Lakini kabonidioksidi ingebaki yote hewani, ingewatoa mbio mapema zaidi! Zege liliwaumiza na kuwaokoa kwa pamoja.

Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa haraka, si mboji. Udongo mpya ungeachwa uoze na kutulia milango ikiwa wazi, ndipo watu waingie.

Leo Chuo Kikuu cha Arizona kimejenga pale palipokuwa shamba miteremko 3 ya mawe ya volkano yaliyosagwa, ili kuona udongo unavyojiunda karibu kutoka sifuri. Hakuna anayetegemea mlo wake humo.